Superunknown: Ushindi wa Muziki Uliokataa Kurahisishwa

Tarehe 8 Machi 1994 maduka ya muziki nchini Marekani yalipokea albamu mbili ambazo, kwa hesabu za kawaida za biashara, hazikupaswa hata kukaribia kilele cha chati. Moja ilikuwa The Downward Spiral ya Nine Inch Nails, kazi iliyojaa kelele za mashine na habari za mtu anayejiangamiza. Nyingine ilikuwa Superunknown ya Soundgarden, bendi ya Seattle iliyokuwa na umri wa miaka kumi: nyimbo 15, dakika 70, mapigo ya kuhesabu kwa tano, saba na kumi na tano, na magitaa mazito ambayo vituo vingi vya redio vilikuwa vikiyakwepa. Chati ya Billboard ilipotoka, Superunknown ilikuwa namba 1 na The Downward Spiral namba 2. Katika wiki yao ya kwanza, Soundgarden walikuwa wameuza nakala takriban 310,000.

Tukio hilo linafaa kukumbukwa na kila anayejali muziki, awe msikilizaji, mtangazaji au prodyuza. Kuna imani iliyoota mizizi kwamba msanii akitaka kupendwa na wengi sharti apunguze: wimbo uwe mfupi, mdundo uwe mwepesi, maneno yasimsumbue mtu, na chochote kigeni kiachwe nje ya mlango wa studio. Soundgarden walifika kwa wengi kwa njia iliyo kinyume kabisa. Waliongeza. Waliongeza ala, wakaongeza urefu, wakaongeza hesabu ngumu za mapigo, kisha wakatia juu ya yote hayo kitu walichokuwa wamekipata kwa jasho la muongo mzima: melodia ambazo mtu hawezi kuzitoa kichwani. Superunknown ni ushahidi kwamba msikilizaji wa kawaida ana masikio makubwa kuliko anavyodhaniwa na wanaomuuzia muziki.

Ushahidi huo hauna maana bila kujua bendi ilitoka wapi.

Soundgarden iliundwa mwaka 1984 na vijana watatu. Chris Cornell, mzaliwa wa Seattle, alikuwa ameacha shule na amewahi kufanya kazi jikoni mkahawani. Kim Thayil, mtoto wa wazazi waliohamia Marekani kutoka Kerala, India, alisoma falsafa katika Chuo Kikuu cha Washington. Hiro Yamamoto, rafiki wa Thayil tangu walipokuwa Park Forest, Illinois, alishika besi. Jina walilipata kwenye sanamu iliyoko kando ya Ziwa Washington, milingoti ya chuma yenye mabomba yanayolia upepo unapovuma. Mwanzoni Cornell alipiga dramu na kuimba kwa wakati mmoja, jambo ambalo lingekuja kuonekana katika kila wimbo alioutunga baadaye. Mwaka 1985 kiti cha dramu kilichukuliwa na Scott Sundquist, na Cornell akabaki mbele na kipaza sauti; mwaka 1986 Matt Cameron akashika nafasi ya Sundquist.

Mchango wao katika kuzaliwa kwa muziki wa granji, ule mchanganyiko wa panki na hevi metali uliokulia kaskazini-magharibi mwa Marekani, haupewi uzito unaostahili. Thayil ndiye aliyewaunganisha Bruce Pavitt na Jonathan Poneman, watu wawili walioijenga lebo ya Sub Pop, ambayo baadaye ilitoa albamu ya kwanza ya Nirvana. Screaming Life, rekodi fupi ya Soundgarden ya mwaka 1987, ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za lebo hiyo. Kampuni kubwa zilipoanza kuwanyemelea, bendi haikukimbilia mkataba. Albamu yao ya kwanza kamili, Ultramega OK ya mwaka 1988, waliitoa kwa SST, lebo huru iliyoheshimika miongoni mwa watu wa panki. Ndipo wakaenda A&M na kutoa Louder Than Love mwaka 1989, wakiwa bendi ya kwanza ya granji kuingia katika kampuni kubwa.

Waliotangulia wakapitwa. Yamamoto aliondoka, na mwaka 1990 Ben Shepherd akaingia kwenye besi. Mwaka 1991 ulipofika, albamu tatu kubwa za Seattle zilitoka katika muda wa wiki chache: Ten ya Pearl Jam mwezi Agosti, Nevermind ya Nirvana mwezi Septemba, na Badmotorfinger ya Soundgarden mwezi Oktoba. Kufikia Januari 1992 Nevermind ilikuwa namba 1. Ten nayo ikapanda hadi namba 2. Badmotorfinger, albamu nzito na yenye akili nyingi, iliishia namba 39. Mwaka 1993 Pearl Jam wakashika namba 1 kwa Vs., na mwanzoni mwa 1994 Alice in Chains wakafika hapo kwa Jar of Flies. Kati ya bendi nne kuu za mji ule, Soundgarden ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupata mkataba mkubwa na ya mwisho kufika kileleni.

Bendi nyingine katika hali hiyo ingetazama majirani zake na kuiga. Kufikia katikati ya 1993 njia ya mkato ilijulikana: anza kimya, lipuka kwenye kiitikio, rudi kimya, lipuka tena. Kampuni za muziki zilikuwa zikitafuta vijana wa kufanya hivyo kila kona ya Marekani. Soundgarden waliingia studio ya Bad Animals mjini Seattle mwezi Julai mwaka huo wakiwa na mpango tofauti.

Kwanza walibadilisha prodyuza. Terry Date, aliyesimamia albamu mbili zilizotangulia, alikuwa rafiki aliyewajua vizuri mno, na bendi ilitaka jicho geni. Wakamchukua Michael Beinhorn, aliyekuwa amefanya kazi na Red Hot Chili Peppers na Soul Asylum. Beinhorn alikuwa mtu wa kuchimba. Badala ya kurekodi nyimbo zote kwa mkupuo, walizishughulikia moja baada ya nyingine. Dramu na besi zilirekodiwa kwanza, kisha Cornell na Thayil wakajenga tabaka za magitaa na sauti juu yake. Kila wimbo ulitafutiwa sauti yake: ngozi ya dramu ya namna yake, kipaza sauti chake, gitaa lake. Kazi hiyo ilichosha, na wanabendi wamesema wazi kwamba subira yao ilijaribiwa. Ilidumu hadi Septemba, ikikatizwa na mapumziko ya kwenda kufanya maonyesho pamoja na Neil Young.

Beinhorn amesimulia pia kwamba nyimbo za mwanzo alizoletewa hazikumridhisha. Alimuuliza Cornell ni wanamuziki gani anaowasikiliza kwa mapenzi yake mwenyewe, na jibu likawa The Beatles na Cream. Basi aandike kutoka huko, ndivyo alivyoshauriwa. Ushauri huo haukumwambia mtunzi afuate soko. Ulimwambia ayafuate masikio yake, hata kama yanampeleka mbali na kile ambacho mashabiki wa roki nzito walikuwa wakikitarajia. Miongoni mwa nyimbo zilizofuata ilikuwamo Black Hole Sun.

Kabla ya kufika kwenye wimbo huo maarufu, inafaa kuingia ndani ya mapigo, kwa sababu hapo ndipo Superunknown inapojitenga na karibu kila albamu iliyouza kiasi hicho.

Nyimbo nyingi za roki huhesabika kwa nne: moja, mbili, tatu, nne, kisha mwanzo tena. Mguu unajua utakanyaga wapi. Spoonman inahesabika kwa saba. My Wave inakwenda kwa tano na nne zikipokezana. Fell on Black Days inakwenda kwa sita, polepole, kama kwamba kila mstari una hatua mbili za ziada ambazo mwimbaji hakuzitegemea. The Day I Tried to Live inayumba kati ya saba na nne, na Limo Wreck inahesabika kwa kumi na tano. Hata Black Hole Sun, inayosikika laini, ina vipande vya tisa vilivyofichwa ndani yake. Mtu anayesoma orodha hii anaweza kufikiri ni albamu ya wasomi wa muziki wanaoonyeshana ufundi. Anayeisikiliza anajikuta anatikisa kichwa bila kujua kwamba kuna hesabu yoyote.

Siri iko kwa watu wawili. Cornell alianza muziki kama mpiga dramu, hivyo alipotunga kwa gitaa aliusikia wimbo kuanzia kwenye mdundo. Cameron, aliyeshika dramu baadaye, ana kipaji cha kuufanya mdundo uliopinda usikike umenyooka. Katika Spoonman, hatoi ishara kwamba pigo moja limekosekana. Anauviringisha mzunguko wa saba hadi mwisho wake unakuwa mwanzo wa mwingine, na msikilizaji anachukuliwa. Thayil amewahi kueleza kwamba bendi haikukaa chini kuamua hesabu ya wimbo. Waliupiga jinsi ulivyowajia, na hesabu waliijua baadaye. Kauli hiyo inaaminika ukiisikia albamu yenyewe, kwa sababu hakuna mahali ambapo mapigo yanajitangaza. Msikilizaji aliyekulia karibu na ngoma za pwani ya Afrika Mashariki, kama chakacha, ambamo hesabu ya tatu na ya mbili huenda pamoja katika mwendo mmoja, anaweza kulielewa jambo hili haraka kuliko yule aliyezoea nne za roki peke yake.

Nyuzi za magitaa nazo zilifanyiwa mambo yasiyo ya kawaida. Kulegeza uzi mzito ili sauti ishuke ni desturi waliyoirithi kwa Black Sabbath, na bendi za jimbo la Washington, hasa Melvins, ziliitumia sana. Soundgarden walikwenda mbali zaidi. Katika My Wave na The Day I Tried to Live, nyuzi mbili za gitaa zimewekwa kwenye noti ya E na nne zilizobaki zote kwenye noti ya B. Gitaa la namna hiyo haliwezi kutoa kodi (chords) za kawaida. Linavuma, na noti zile zile zinagongana zikiwa na tofauti ndogo ndogo, kiasi kwamba gitaa moja linasikika kama kundi zima. Mpiga gitaa anayejaribu kuzifuata nyimbo hizo kwa mpangilio wa kawaida wa nyuzi atahangaika siku nzima asipate ile sauti.

Halafu kuna watu wenyewe waliotunga. Umaarufu wa Cornell, pamoja na sauti yake iliyoweza kupanda kutoka mnong'ono hadi kilele cha mlima, umewafanya wengi waione Superunknown kama kazi ya mtu mmoja. Hiyo si haki. Shepherd aliandika Head Down, wimbo wenye gitaa linalozunguka kama moshi, na Half, ambao anauimba mwenyewe kwa rangi za muziki wa Mashariki ya Kati, ukiwa na viola na selo. Cameron aliandika muziki wa Mailman, mzito na wa polepole, na akashiriki katika Limo Wreck na Fresh Tendrils. Thayil alishiriki katika wimbo uliobeba jina la albamu. Watu wanne wenye mapenzi tofauti walipewa nafasi. Albamu inakwenda kutoka uzito wa 4th of July, ambao ni kama ardhi inayotitia, hadi Kickstand, panki ya dakika moja na nusu, bila kuonekana imekusanywa kutoka mahali tofauti.

Spoonman una hadithi yake. Jeff Ament wa Pearl Jam alikuwa ametengeneza orodha ya majina ya nyimbo za kubuni kwa ajili ya filamu ya Singles ya mwongozaji Cameron Crowe, iliyotoka mwaka 1992 na kuonyesha maisha ya vijana wa Seattle. Cornell aliyachukua majina hayo na kuyaandikia nyimbo za kweli, mojawapo ikiwa hii. Spoonman mwenyewe alikuwa mtu halisi: Artis, mwanamuziki wa mitaani mjini Seattle aliyepiga vijiko kwa ustadi wa ajabu, akivigonga mwilini mwake hadi vikawa ngoma. Bendi ilimwita studio, akarekodi vijiko vyake katikati ya wimbo, na Cameron akaongezea masufuria. Video ilipotengenezwa, Artis ndiye aliyekuwa nyota, na wanabendi wakaonekana zaidi katika picha za mnato. Bendi iliyokuwa ikisubiri kwa miaka kumi kuonekana na dunia ilimpa kioo mtu aliyekuwa akipiga muziki barabarani. Wimbo huo, wenye hesabu ya saba na sehemu ya vijiko, ndio uliotangulizwa redioni kuitambulisha albamu.

Sasa Black Hole Sun. Cornell alisema jina lilimjia baada ya kusikia vibaya maneno ya mtangazaji wa habari, na kwamba mashairi ni mchezo wa picha na maneno usio na ujumbe mmoja uliofichwa. Gitaa lilipitishwa kwenye spika ya Leslie, ile inayozunguka ndani ya kabati na ambayo kazi yake ya awali ilikuwa kwenye kinanda cha ogani, ndiyo maana sauti yake inatetemeka kana kwamba inatoka chini ya maji. Kodi zake hazikai katika ufunguo mmoja. Zinateleza kutoka moja hadi nyingine kwa njia ambayo mwalimu wa muziki angehitaji ubao mzima kuieleza, huku melodia ya juu ikipita kwa urahisi hivi kwamba mtoto anaweza kuifuata. Video ya Howard Greenhalgh, yenye watu wa mtaa wa kitajiri wanaotabasamu hadi nyuso zao zinapindika, ilichezwa mno kwenye MTV mwaka 1994.

Uthabiti wa melodia hiyo umepimwa na watu ambao hawana uhusiano wowote na granji. Mwaka 2005 Paul Anka, mwimbaji aliyepata umaarufu tangu miaka ya 1950, aliuweka kwenye albamu yake Rock Swings akiwa na bendi kubwa ya tarumbeta na saksofoni, na wimbo ukasimama. Mwezi Mei 2017, siku chache baada ya kifo cha Cornell, Norah Jones aliuimba akiwa peke yake kwenye piano katika ukumbi wa Fox Theatre, Detroit, mahali pale pale Cornell alipofanya onyesho lake la mwisho. Ukaondolewa magitaa, ukaondolewa dramu, wimbo ukabaki mzima. Katika tuzo za Grammy za mwaka 1995, Black Hole Sun ilishinda kama onyesho bora la roki nzito na Spoonman kama onyesho bora la metali. Nyimbo mbili za albamu moja, katika fani mbili, zote zikiwa na mwendo ambao redio ingeweza kuukataa kwa kuusoma tu kwenye karatasi.

Wapo wanaoipinga albamu hii, na hoja zao zina uzito. Ya kwanza ni urefu. Enzi ya diski za CD iliwapa wasanii nafasi ya dakika zaidi ya 70, na wengi waliijaza kwa sababu tu ilikuwepo. Mtu anaweza kusema kwamba Superunknown ingepungua nyimbo tatu bila kuumia. Ya pili ni usafi wa sauti. Mashabiki wa zamani, walioipenda Soundgarden ya Sub Pop yenye vumbi na ukali, waliona kazi ya Beinhorn na ile ya Brendan O'Brien, aliyechanganya sauti za mwisho, imeng'arisha kupita kiasi.

Hoja ya urefu inadhoofika mtu akiambiwa ataje nyimbo tatu za kuondoa. Mmoja atatoa Half, na kwa kufanya hivyo atauondoa mlango pekee wa hewa kati ya nyimbo mbili nzito kuliko zote. Mwingine atatoa Kickstand, na nusu ya pili ya albamu itakosa kasi. Ule urefu unabeba mpango. Kuhusu usafi, jambo la kutazama ni mahali usafi ulipotumika. O'Brien na Beinhorn walisafisha ili vitu vingi visikike kwa wakati mmoja: vijiko, selo, sauti mbili tatu za Cornell zikijibizana, besi ya Shepherd ikipita njia yake. Muziki wenye tabaka nyingi unahitaji kioo safi. Vumbi lingeuficha.

Lipo suala jingine zito zaidi, na hapa usikilizaji wa leo umepotoka. Cornell alikufa tarehe 18 Mei 2017 mjini Detroit, saa chache baada ya kushuka jukwaani, akiwa na umri wa miaka 52. Wachunguzi walisema alijiua. Tangu siku hiyo watu wamezirudia nyimbo za Superunknown wakitafuta dalili, wakiyasoma mashairi ya mwaka 1994 kama barua iliyotumwa miaka 23 mapema. Majina ya nyimbo yanawasaidia kufanya hivyo: kuna siku nyeusi, kuna kuzama, na wimbo wa mwisho unabeba neno kujiua.

Usomaji huo unamdhulumu mtunzi. Like Suicide ulihusu tukio halisi nyumbani kwake: ndege aliyegonga kioo cha dirisha na kuumia vibaya, naye Cornell akamalizia mateso yake kwa tofali. Fell on Black Days, kwa maelezo yake mwenyewe, unahusu hofu ya mtu anayegundua ghafla kwamba hana furaha hata kidogo ilhali hakuna baya lililomtokea. The Day I Tried to Live, wimbo ambao wengi wanauchukulia kuwa wa kukata tamaa, aliueleza kuwa ni habari ya mtu aliyejifungia anayejaribu kutoka, kuvunja mazoea yake na kujichanganya na wenzake. Ni wimbo wa jaribio la kuishi. Cornell alikuwa akisoma kazi za mshairi Sylvia Plath kipindi hicho, na alijua tofauti kati ya kuandika juu ya giza na kushindwa nalo. Mwaka 1990 alikuwa amempoteza Andrew Wood, mwimbaji wa Mother Love Bone aliyewahi kuishi naye nyumba moja, kwa sababu ya heroini, na majonzi yale aliyageuza kuwa albamu ya Temple of the Dog. Alijua kufanya kazi na huzuni. Mwandishi wa namna hiyo anastahili kusomwa kama fundi, na watu wengi waliokuwa wakiugua moyoni walipata katika nyimbo zake maneno ya kitu ambacho wao wenyewe hawakuweza kukieleza. Kuzigeuza nyimbo hizo kuwa faili la uchunguzi ni kuwanyang'anya.

Wakati wenyewe haukuwapa Soundgarden nafasi ya kufurahia. Mwezi mmoja baada ya albamu kutoka, Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, alikufa, na habari zikawafikia wakiwa ziarani Ulaya. Ghafla kila mwandishi alitaka kuwauliza kuhusu kifo badala ya muziki. Ziara ndefu ilimchosha Cornell hadi nyuzi za sauti zikaumia, na maonyesho mengine yakafutwa. Mwaka 1996 walitoa Down on the Upside, wakaisimamia wenyewe, na Aprili 1997 wakatangaza kuvunjika. Cameron alikwenda Pearl Jam, Cornell akaimba na Audioslave. Walirudi pamoja mwaka 2010, wakatoa King Animal mwaka 2012, na mwaka 2014 wakazunguka Amerika Kaskazini pamoja na Nine Inch Nails, miaka 20 tangu albamu zao zilipotoka siku moja. Mwaka 2025 waliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, Yamamoto akiwemo.

Kwa muda mrefu historia ya granji imesimuliwa kwa kupitia Nevermind, na ni kweli kwamba hakuna albamu iliyobadilisha biashara ya muziki wa roki kwa kasi ile. Lakini Nevermind ilivunja ukuta kwa nyimbo zilizonyooka na kukaza. Kama swali ni muziki wa Seattle ulifika mbali kiasi gani katika utunzi, katika mapigo, katika upana wa sauti na katika kuaminiana kwa wanabendi, jibu ni Superunknown. Iliidhinishwa kuwa imeuza nakala milioni 5 nchini Marekani pekee, na hakuna wimbo hata mmoja ndani yake ulioandikwa kwa kumwonea huruma msikilizaji.

Msomaji anayeijua Soundgarden kwa Black Hole Sun tu bado ana nyimbo 14 za kugundua. Aipige albamu nzima kwa mpangilio wake, kutoka Let Me Drown hadi Like Suicide, kwa spika nzuri au vipokea sauti vinavyofunika masikio, na mara ya pili afuate dramu za Cameron peke yake. Mtangazaji mwenye kipindi cha usiku aipe Limo Wreck nafasi aone simu zitakazoingia. Na prodyuza aliyeketi na kijana mwenye wimbo wa dakika saba na hesabu isiyoeleweka, kabla hajamwambia aukate, asikilize kwanza kilichofanyika Bad Animals mwaka 1993.